Kabla hujaitua, ijue kwanza inastoli vipi

Mkuu umeuliza kuhusu ndege yako ya modeli ya rimoti, Cub ya robo skeli (robo ya ukubwa wa ndege halisi), bawa mita 2.7, injini ya petroli cc 35, umeijengea Dar na sasa unataka kuirusha mara ya kwanza huko Arusha, uanzie wapi. Hizi kubwa narusha muda sasa na nimesimama na watu wengi siku yao ya kwanza, karibu wote wanaogopa kupaa. Kupaa siyo ishu aisee, Cub inapaa yenyewe ukiipa nafasi. Kazi iko kwenye kuitua ndege ambayo hujui inaacha kubeba (ndo kustoli) kwenye spidi gani.

Arusha iko juu, uwanja wa ndege tu uko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo ndege lazima iende kasi zaidi kama asilimia 7 hivi ndo ibebe uzito uleule, na jua la mchana likiwaka inazidi hapo. Sasa jicho lako limezoea Dar, utaiona inakuja mbio mbio, utapunguza moto (nguvu ya injini), bawa moja linadondoka ikiwa mita chache juu ya nyasi na hapo hakuna cha kuokoa. Halafu kabureta uliyoiseti Dar itakuwa inamwaga mafuta mengi, iseti upya hukohuko, mtu aishike vizuri pua ikitazama juu, moto wote, isikohoe.

Ikiwa bado chini, usiache kukagua hivi: balansi, yaani pale uzito wa ndege unapolingana mbele na nyuma, sentimita 10 mpaka 12 toka ukingo wa mbele wa bawa (fuata plani yako, usinifuate mimi), simama nyuma yake sukuma kijiti kulia, eleroni (kibao cha nyuma ya bawa) ya kulia ipande juu, maana kuna watu wamepaa nazo zimegeuzwa. Rimoti iweke mode ya kupima umbali, tembea hatua 30 uone kama bado inatii, injini ikiwa imezimwa kisha ikiwa inaunguruma. Zima rimoti kabisa huku mtu kaishika ndege, injini ishuke sailensi (mzunguko wa chini kabisa). Na kibali, waulize TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) mapema.

Kupaa: elekea upepo, moto ongeza taratibu, itavuta kushoto, ishike kwa kupeleka usukani wa mkia kulia, usiinyanyue kwa nguvu.

Juu kama mita 100 weka nusu moto, piga trimu (vile vitufe vya kurekebisha kidogo kidogo) mpaka ukiachia vijiti inaenda sawa. Sasa ndo kazi yenyewe. Ielekeze kwenye upepo, shusha moto mpaka sailensi, vuta eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) polepole na uangalie. Pua inalegea tu au bawa linadondoka, na ni lipi? Ikidondoka achia eleveta, ongeza moto, usihangaike na eleroni kabisa, zitakuzidishia. Rudia mpaka mkono ukariri, na jicho liione hiyo spidi ya Arusha.

Kwenye kona tumia usukani wa mkia pamoja na eleroni, Cub ukiipa eleroni peke yake pua inakwenda upande mwingine, inakera. Pita juu ya uwanja kama unatua mara kadhaa, ndo uitue, ukiacha moto kidogo mpaka matairi yaguse. Upepo wa pembeni ukianza, siku hiyo acha.

Ikishatua usijaze mafuta haraka haraka, kagua kwanza boliti za mafla na za injini, petroli inatetemesha sana na safari ya kwanza ndo inalegeza nyingi.