Fomu Haikuwa na Safu ya Waendao kwa Miguu

Maswali ya wasomaji kuhusu barabara, yakijibiwa na mhandisi wetu

SWALI: Shikamoo Bi Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, Dar es Salaam. Barabara inayopita mbele ya shule yetu ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa ina lami, tunashukuru, ila magari na bodaboda zinapita mbio mno. Tangu lami iwekwe wanafunzi wetu wawili wamegongwa. Mmoja kavunjika mguu. Tumeomba matuta, tukaambiwa tulete ushahidi kwamba tatizo lipo. Ushahidi gani tena zaidi ya watoto hawa? Na kwenye mkutano wa mtaa dereva mmoja alisema kwenda 50 au 30 hakuna tofauti ya maana. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni sana. Huyo aliyevunjika mguu mpeni salamu zangu.

Nianze na dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya bajaji iliyoegeshwa, dereva anahitaji kama sekunde moja aone, aelewe, mguu ufike kwenye breki. Sekunde hiyo inaondoka na mita 14 na gari halijapunguza chochote. Kisha breki zenyewe, lami ikiwa kavu na matairi yakiwa mazima, zinataka mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa 30, sekunde ile inakula mita 8, breki zinakula 5, gari limesimama ndani ya mita 13.

Sasa mtoto awe mita 13 mbele ya gari. Wa 30 anasimama ukingoni kabisa, mtoto amepona. Wa 50 anamgonga kabla breki hazijaanza kushika, kwa mwendo uleule aliokuja nao. Mchukue dereva wako uwanjani mpime kwa hatua, aone mwenyewe mita 13 zilivyo fupi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitoa tamko kwamba pale watu na magari wanapochanganyika mara kwa mara, kikomo kiwe 30. Na mbele ya lango la shule saa moja asubuhi, hakuna namna wasichanganyike.

Kuhusu ushahidi, naelewa hasira yako na nakubaliana nayo. Mtoto aliyelazwa ni ushahidi. Lakini nimekaa upande wa pili wa ile meza, nikijua barua isiyo na namba inavyosukumwa chini ya mafaili, kwa hiyo nitakuonyesha namna ya kuandika isiyosukumika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu magari. Nilikuwa kijana, napewa kiti cha plastiki, mwavuli na fomu, nakaa kwenye makutano toka saa kumi na mbili asubuhi. Fomu ilikuwa na safu ya magari madogo, ya daladala, ya malori, ya pikipiki. Kila likipita nachora mstari. Asubuhi moja wanafunzi walivuka mbele yangu makundi kwa makundi, wadogo wameshikana mikono, wengine viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nikatafuta niwaandike wapi. Hakukuwa na safu. Nikawaandika pembeni mwa karatasi kwa kalamu ya risasi, na msimamizi aliponakili fomu hakuuchukua ule ukingo. Barabara ile ilipokuja kupanuliwa, ilipanuliwa kwa ajili ya waliokuwa ndani ya safu. Mwalimu, hilo bado linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nihamie kwenye usalama barabarani.

Basi hesabuni nyinyi. Siku za shule tatu, asubuhi na wakati wa kutoka, mtu mzima mmoja ahesabu wanaovuka kwa kila dakika 15 na aandike wanavukia wapi hasa, maana mara nyingi si pale tunapodhani. Mwingine apime mwendo. Hamhitaji tochi ya trafiki. Pimeni mita 50 kwa futi ya utepe kando ya barabara, wekeni alama ya chokaa mwanzo na mwisho, mkae nje kabisa ya lami, mtumie saa ya simu. Gari likizimaliza kwa sekunde 6, linakwenda 30. Likizimaliza kwa sekunde 3.6, ni 50. Likitumia muda mfupi kuliko huo, limevuka kikomo cha sheria yetu kwa maeneo ya makazi. Pimeni magari mia moja, msichague yanayokimbia tu. Mkichagua, mhandisi atajua na barua itakufa. Watoto wasishiriki kupima. Ongezeni orodha ya waliogongwa: tarehe, saa, mahali, aina ya chombo, bila majina.

Barua iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama ni barabara ya mtaa; iende TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kama ni barabara kuu au ya mkoa, na nakala kwa mtendaji wa mtaa na diwani. Msiombe tuta peke yake. Ombeni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lililo bapa juu, lenye zebra iliyochorwa juu yake, ili dereva apunguze pale pale mtoto anapovuka. Ombeni njia ya miguu yenye nguzo fupi za kuzuia bodaboda zisipande. Zebra ya rangi peke yake kwenye barabara ya mbio inanitia hofu: mtoto anafundishwa kuiamini, dereva haioni. Na lango likiwa linatema watoto moja kwa moja barabarani huku uzio una upande mwingine wenye utulivu, hamisheni lango. Mafundi wa mtaani wanaiweza kazi hiyo.

Haya hayakutoka ng'ambo. Shirika la Amend lilifanya kazi ya namna hii kwenye shule za msingi hapa hapa Dar es Salaam, kwa mpango unaoitwa SARSAI. Watafiti wakalinganisha shule zilizoboreshwa na nyingine ambazo hazijaguswa, wakakuta majeruhi wamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, ukishindana na miradi ya dunia nzima. Utajeni kwenye barua. Mhandisi wa wilaya akisoma kwamba mnachoomba kimeshajengwa na kupimwa katika jiji lake, hana pa kukimbilia.

Ombi moja la mwisho: msijenge tuta wenyewe kwa kifusi au magogo, hata kama subira imewaishia. Usiku lisipoonekana litamwangusha mwendesha bodaboda, naye ana watoto.

SWALI: Mama shikamoo. Naendesha bodaboda Morogoro. Nina helmeti mbili lakini abiria wanaikataa ya pili, wanasema inanuka na itawaletea fangasi, kina dada wanasema inaharibu nywele. Nikilazimisha, anapanda ya mwenzangu. Kweli inasaidia au ni ya kukwepa faini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inasaidia, na hili limechunguzwa kuliko mambo mengi ya barabarani. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba helmeti hupunguza kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na kufa kwa takriban asilimia 42.

Habari hii ilianza na pikipiki moja. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake bila kitu kichwani, akafa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo akaanza kufuatilia vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941, katikati ya vita, akachapisha utafiti juu ya umuhimu wa helmeti. Jeshi la Uingereza likawalazimisha wapiga pikipiki wake kuivaa mwaka uleule. Raia walingoja hadi 1973.

Abiria wako hawana kosa kuhusu harufu. Nunua kofia laini za kuogea zile za nailoni, bei yake ni ndogo, kila abiria mpe mpya avae ndani. Sponji ya ndani ianike juani kila ukilaza pikipiki. Kisha mfungie mkanda wa kidevu mwenyewe kwa heshima, kwa sababu helmeti isiyofungwa hutangulia kuondoka kabla kichwa hakijafika chini. Na mkubaliane kijiweni wote mwanze siku moja. Mkiwa wote mnayo, abiria hana pa kuhamia.

SWALI: Bi Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nakaa Kimara. Jirani yangu mwenye gari ananisumbua kila siku: eti njia ya mabasi ya mwendokasi inakaa tupu huku magari yamebanana, afadhali wangewaachia. Nimjibuje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Jirani yako anahesabu vyombo. Wewe hesabu watu.

Tuseme basi moja lenye watu 100 linapita kila dakika. Ni watu 6,000 kwa saa, na katikati ya basi na basi njia inaonekana tupu, kama alivyosema. Tuseme upande wake yanapita magari 800 kwa saa, kila moja lina watu wawili, nami nimemkadiria kwa ukarimu. Ni 1,600. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mradi huu, miaka miwili tu baada ya mabasi kuanza, na sababu ni hesabu za namna hiyo.

Lakini mzee, hesabu haina upendeleo. Basi likija kila baada ya dakika 15, ni watu 400 kwa saa, na jirani yako ana haki ya kulalamika, ingawa dawa yake ni kuongeza mabasi na si kuiondoa njia. Kwa hiyo nakuomba jambo. Kesho saa moja asubuhi kaa kituoni nusu saa na jirani yako, yeye ahesabu magari na vichwa vilivyomo, wewe uhesabu mabasi na ukadirie waliomo. Nanyi mniandikie mlichopata, nikichapishe hapa toleo lijalo, hata kama yeye ndiye atakayeshinda.