Jibu: Vitabu vya mtoto vinagoma bila intaneti

Ndugu, umeuliza kwa nini vitabu vya kidijitali vya mtoto wako wa miaka 6 vinafunguka nyumbani lakini vinagoma mkiwa safarini. Mara nyingi kilichohifadhiwa kwenye kishikwambi ni jalada tu. Kurasa zenyewe bado ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Pakua kitabu kimoja kimoja, kisha washa hali ya ndege na ukipitie hadi ukurasa wa mwisho. Vingine hukwama katikati, vingine hufunguka bila sauti kwa sababu faili ya sauti hupakuliwa peke yake.

Na kama herufi zinaonekana ndogo mno, hilo ni suala la aina ya faili ya kitabu, PDF au EPUB. PDF hubana ukurasa mzima kwenye kioo. EPUB ya kawaida hukubali kukuza maandishi, ila ile ya picha nyingi huwa na mpangilio usiobadilika. Hapo geuza tu kifaa kilale kwa upana.

StoryWeaver, tovuti ya shirika la vitabu vya watoto la Pratham Books, ina hadithi za Kiswahili za bure. Anza na kiwango cha 1, ambacho hadithi zake hazizidi maneno 250. Mtoto anaporudia kitabu, zima sauti ya msomaji, la sivyo atasikiliza bila kufuata herufi. Na ile michezo inayochomekwa katikati ya hadithi? Kwangu ni usumbufu mtupu.