Debian 12: firmware-iwlwifi imehama

Kama unasakinisha firmware-iwlwifi (faimuwea, yaani programu ndogo inayoendesha kadi za Wi-Fi za Intel) kwenye Debian 12, toleo la mfumo wa Linux, na apt, kisakinishi chake cha programu, inasema haioni, ongeza neno non-free-firmware kwenye /etc/apt/sources.list, faili inayoorodhesha hazina za programu. Kuwa na non-free (sehemu ya programu zisizo huru) peke yake hakutoshi tena, ndiyo maana apt inakwambia haioni firmware-iwlwifi. Tangu Debian 12 (Bookworm) itoke Juni 2023, faimuwea nyingi zina sehemu yake ya pekee, baada ya wanachama wa mradi kupiga kura mwaka 2022. Mstari uwe hivi:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Kisha apt update, halafu isakinishe. Kama Wi-Fi ndiyo iliyokufa, chomeka simu kwa waya wa USB utumie intaneti yake kwa muda.

Ongeza neno hilohilo kwenye mstari wa bookworm-security (wa masasisho ya usalama) pia. Hili watu hulisahau, na intel-microcode (marekebisho ya prosesa za Intel) nayo imehamia non-free-firmware, kwa hiyo ukiliacha unaweza kukosa masasisho ya usalama ya prosesa.

Una kadi ya NVIDIA? Usifute non-free, nvidia-driver bado inakaa humo. Na kama ni Ubuntu, usinakili mstari huu: mgawanyo wao ni main, restricted, universe na multiverse.