Impreza WRX ya zamani: kipi kibaki, kipi kibadilishwe

Ukinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998 au 2003, usianze kutafuta nguvu zaidi. Gari lina zaidi ya miaka 20: mipira imekauka, plastiki imechoka, na huenda wenye nalo watatu wanne kila mmoja alifunga alichotaka. Lirudishe kwanza katika hali ya kiwandani.

Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, pesa ya rimu isubiri.

Mkanda wa taimingi (unaopatanisha vali na pistoni) hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama huna risiti, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Usifunge mkanda peke yake juu ya roli kuukuu, yaani magurudumu madogo yanayouongoza. Badilisha roli zote, tenshena (inayokaza mkanda) na pampu ya maji, kwa kuwa pampu nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Roli moja ikikwama, mkanda unaruka meno na vali zinagonga pistoni. Thamostati iwe ya asili. Kwenye injini hii imekaa pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta, na zile ndogo za bei nafuu hufanya joto lipande na kushuka ovyo. Maji yajazwe taratibu, hewa itoke yote.

Oili ndiyo inayoua nyingi. Injini inabeba lita 4.5 hivi tu. Ikipungua lita moja, kwenye kona kali pampu inanyonya hewa, na beringi za konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) huanza kugonga. Chomoa kijiti cha kupimia oili kila unapojaza petroli.

Sasa mabadiliko yanayostahili. Rejeta ya alumini, maana ya asili ina vichwa vya plastiki vinavyopasuka kwa uzee. Bomba la kunyonya oili lililoimarishwa, kwa sababu la asili hupata ufa kwenye kiungo. Lifunge siku sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikiwa imefunguliwa. Geji ya presha ya oili, kwani taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa imekwisha kabisa.

Mengine huuzwa kwa jina la uimara, lakini yanaudhoofisha. Chujio la hewa la wazi huvuruga usomaji wa sensa ya hewa, na injini inaweza kupata petroli pungufu. Vali ya tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa) inayopumulia nje humwaga hewa iliyokwisha kupimwa, hivyo petroli inazidi kila ukibadilisha gia. Egzosi pana bila kurekebisha programu ya injini huacha presha ya tabo ipande kupita kiasi. Tena gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lilipangiwa petroli ya oktani (kiwango cha kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) takriban 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Presha ikiongezwa juu ya petroli hiyo, injini inanoki, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati, na pistoni zinavunjika.

Spea za asili unazotoa zifungashe na kuziandika. Gari likianza kusumbua, fundi azirudishe moja moja hadi kosa lionekane.