Daktari Alilala, Chai Ikamwamsha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Hapa Tukuyu kila Krismasi, tukishakula ndizi na kuku na mvua ikatufungia ndani, kaka yangu huchomeka flashi yenye Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari, ile sehemu ya Krismasi ya 2005. Shujaa mwenyewe analala karibu muda wote! Namwambia atuwekee nyingine, hasikii. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako, pole sana.

Daktari yule akikaribia kufa hugeuka mtu mwingine, ujanja ulioanza 1966 mwigizaji William Hartnell alipompisha mwenzake Patrick Troughton. Mwaka 2005 zamu ilikuwa ya David Tennant, na usingizi ule ndio utamu wenyewe: unamngoja mgeni usiyemjua, huku dunia inavamiwa. Halafu anaamka, anapigana kwa upanga na nguo za kulalia! Kilichomwamsha ni mvuke wa chai iliyomwagikia mitambo ya chombo chake cha kusafiria. Sasa wewe, mtu wa Tukuyu, chai imekuzunguka kila upande, unalalamikaje?

Mwaka nilioiangalia Mafinga, umeme ulikatika palepale alipokatwa mkono. Nililala nikijua amebaki na mmoja. (Kumbe uliota mwingine. Niliambiwa kesho yake, sokoni.)

Mkitaka kubadilisha, sehemu za Krismasi ziliendelea kila mwaka hadi 2017, zikahamia Mwaka Mpya, zikarudi Krismasi 2023. Ila flashi abaki nayo kaka.