Ukurutu wa viganja na nyayo: omba bakteria wapimwe

Wenye ukurutu wa viganja na nyayo tunaujua mzunguko wake. Vinatoka vilengelenge vinavyowasha usiku kucha, vinakauka, kisha ngozi inabanduka na kupasuka. Krimu ya steroidi inatuliza, lakini ukiiacha vinarudi. Baada ya miaka mingi ya hali hii, nakusihi: kabla hujaongezewa krimu kali zaidi, omba ngozi ipimwe bakteria.

Kwangu mambo yalibadilika pale daktari wa ngozi alipopitisha kijiti cha pamba kwenye nyufa zilizokuwa zikichuruzika, akaagiza vimelea vioteshwe maabara. Akaota Staphylococcus aureus. Bakteria huyu hustawi sana kwenye ngozi yenye ukurutu. Sumu zake huchochea uvimbe, uvimbe huidhoofisha ngozi, naye anazidi kupata makazi. Nilipotibiwa maambukizi na ukurutu kwa pamoja, nyufa zilianza kufunga.

Miguuni wapo wengine wasiotajwa sana, na mara nyingi huitwa fangasi tu. Corynebacterium minutissimum hukaa katikati ya vidole. Akimulikwa kwa taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno, hung'aa wekundu wa matumbawe, kipimo cha muda mfupi kisicho na maumivu. Kytococcus sedentarius huchimba vishimo vidogo kwenye nyayo zenye jasho, na harufu yake ni kali. Pseudomonas hupenda vidole vinavyolowa muda mrefu, na pengine huacha rangi ya kijani. Steroidi haimuui hata mmoja wao.

Hata hivyo, usikimbilie antibayotiki. Staphylococcus anaweza kuwapo bila kuleta maambukizi, kwa hiyo majibu ya maabara yasomwe pamoja na dalili: usaha, magamba ya rangi ya asali, maumivu yanayozidi. Ngozi ikwanguliwe pia kutafuta fangasi, maana steroidi hufifisha wekundu wa fangasi huku wenyewe wakisambaa. Mzio wa vitu unavyoshika nao uchunguzwe. Wekundu ukianza kupanda mguu, ukiwa na homa, au una kisukari na kidonda hakifungi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya kipimo usipake chochote, na umtajie daktari kila dawa uliyotumia karibuni. Antibayotiki uliyopaka jana inaweza kuifanya maabara isioteshe kitu, ukaambiwa huna bakteria ilhali wapo.