Waambieni Watoto Hali ya Nyumba

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia kwamba wanawe, watu wazima sasa, hupata habari za ndugu yao kwa majirani kabla ya kuzisikia kwa ndugu huyo mwenyewe. Akauliza: ninyi mmewezaje?

Nasema kwa fahari, kwetu tunaambiana. Mdogo wangu alipopoteza kazi hivi karibuni, simu zetu ziliita jioni ileile, na aliyepiga ni yeye.

Hilo halikuanza jana. Baba alipoachishwa kazi, sisi tukiwa wadogo, ndugu wa karibu kabisa alitamka mbele yetu kwamba nyumba ile haifiki mwaka. Maneno yale yananichoma hadi leo. Baba hakujibu. Usiku, tulipomaliza kula, alifungua daftari la matumizi mezani akatusomea mstari kwa mstari: hiki kimebaki, hiki tunakikata, hiki kitasubiri. Kisha akampa kaka kalamu ili akate yeye. Mama naye alikuwa na lake: hakuwa akilala bila kumshukuru kila mmoja kwa jambo lake. Si "asanteni wanangu" ya jumla, bali "asante wewe uliyeosha vyombo bila kutumwa." Nilikuwa naisubiri zamu yangu kwa hamu.

Ukubwani nilisoma kuhusu utafiti wa Nick Stinnett na John DeFrain, Wamarekani waliochunguza familia imara. Wanataja sifa 6: kujitoa kwa ajili ya familia, kuthaminiana, kuzungumza vizuri, kuwa na muda wa pamoja, uzima wa kiroho, na kuweza kukabili misukosuko. Niliwaona wazazi wangu humo. John Gottman, mtafiti wa ndoa, naye aligundua kwamba wanandoa wanaodumu, hata wakiwa katikati ya ugomvi, hutendeana mema kama 5 kwa kila baya 1. Mama hakuwahi kuhesabu.

Wazazi, acheni kuwaficha watoto hali ya nyumba mkidhani mnawalinda. Mtoto anasoma nyuso zenu. Msipomweleza atajitungia yake, na mara nyingi huwa mbaya kuliko ukweli wenyewe. Mwambieni kwa kadiri ya umri wake. Shukuruni kwa kutaja jambo. Kaeni pamoja, simu zikiwa kando. Narudia, kaeni pamoja, na hasa siku mliyokosana.

Nawe mama uliyeniandikia, usimtume mtu. Mpigie mwenyewe yule mwanao aliyejitenga, umpe habari yako moja ya kweli kabla hujamuuliza za kwake.